Nyaraka Nje ya Bonde: Hifadhi ya Wingu kwa Wakazi wa Kilosa na Mikumi

Mji wa Kilosa ulijengwa kando ya mto Mkondoa, ambao hupokea maji ya Kinyasungwe kutoka nyanda kavu za Dodoma, hupenya milima ya Usagara kwa kufuata bonde lilelile linalopitiwa na reli ya kati, kisha huendelea kwa jina la Wami hadi Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto huo ulivunja kingo zake, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi, ukaisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Hasara za namna hiyo zinapohesabiwa hutajwa nyumba, mazao, mifugo na madaraja, lakini ni nadra kutajwa kile kilichokuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kadi ya kliniki ya mtoto, hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba, mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa kijiji, na siku hizi picha zote za familia zilizomo katika simu moja.

Uzito wa karatasi hizo hauhitaji kuelezwa sana katika wilaya ambayo ugomvi wa wakulima na wafugaji uliwahi kumwaga damu huko Rudewa Mbuyuni mwezi Desemba 2000. Ni kweli kwamba picha ya hati iliyopigwa kwa simu haichukui nafasi ya hati yenyewe mbele ya sheria, na kwamba kumbukumbu rasmi ya hakimiliki za kimila ni masjala ya ardhi ya kijiji iliyowekwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Hata hivyo picha hiyo hubeba namba ya usajili, tarehe, mipaka, saini na mihuri, yaani mambo yaleyale yanayoulizwa mtu anapoomba nakala mpya, na asiyekuwa nayo hubaki kutegemea maelezo ya mdomo na kumbukumbu za majirani ambao nao huenda wamehama. Ndiyo maana suala la kuhifadhi mafaili nje ya nyumba, na hata nje ya bonde zima, linamhusu mkulima wa Kilosa sawasawa na linavyomhusu mfanyakazi wa ofisini Dar es Salaam.

Hifadhi ya wingu ni nafasi ya kuwekea mafaili katika kompyuta kubwa, ziitwazo seva, zilizomo ndani ya majengo ya kampuni inayotoa huduma, na mwenye mafaili huyafikia kwa intaneti akiwa popote. Nakala rudufu ni kitu kingine kidogo: ni nakala ya pili ya faili, iliyotengwa na ile ya kwanza, ili moja ikiharibika nyingine isalie. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili na hugundua tofauti yake wakiwa wamekwisha kuchelewa, kwa sababu huduma nyingi za wingu hufanya kazi ya kulandanisha, ambayo maana yake ni kuhakikisha kwamba kilichomo kwenye simu na kilichomo kwenye seva kinafanana wakati wote. Mtu anayefuta picha kutoka Google Photos ili kupunguza mzigo wa simu, akidhani ile ya kwenye wingu itabaki, huwa ameifuta kote kuwili, na baada ya muda wa kukaa kwenye pipa la taka hairudi tena. Huduma inayofaa ni ile ambayo mtumiaji anajua kwa hakika inafanya lipi kati ya hayo mawili.

Unafuu wa hifadhi hutegemea zaidi uchaguzi wa kitu cha kuhifadhi kuliko bei ya kampuni, na hapa ndipo ushauri mwingi unaotolewa mijini unapokosea, kwa kuwa huanza na orodha ya vifurushi badala ya kuanza na sanduku la bati. Kurasa 200 za nyaraka zilizopigwa picha vizuri, kila moja ikiwa na nusu ya megabaiti, hujaza megabaiti 100 tu, kiasi ambacho huingia katika huduma yoyote ya bure na kupandishwa kwa bando la kawaida. Picha 5,000 za megabaiti 3 kila moja, kwa upande mwingine, hufika gigabaiti 15, na hiyo ndiyo nafasi yote ambayo Google humpa mwenye akaunti bila malipo, ikigawanywa baina ya barua pepe, picha na mafaili mengine. Tangu Juni 2021 hata picha zilizopunguzwa ukubwa huhesabiwa humo. Kasi nayo ni gharama: kwa kuwa baiti moja ni biti 8, gigabaiti 15 zinazopandishwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua karibu saa 17 mfululizo, na simu ya mtu anayenunua bando la siku haiwezi kazi hiyo. Familia yenye busara hupandisha nyaraka kwanza, siku hiyohiyo, kisha huacha picha zipande kidogokidogo kwa bando la usiku au kwa Wi-Fi ya ofisi au ya gesti.

Kampuni hazilingani katika nafasi ya bure. MEGA, iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2013, hutoa gigabaiti 20. Google hutoa 15 kama ilivyokwisha kuelezwa. Apple na Microsoft hutoa 5 kila moja. Dropbox hutoa 2. Anayehitaji zaidi huanza kulipa, na kifurushi cha gigabaiti 100 cha Google, kinachouzwa dola 1.99 kwa mwezi nchini Marekani, kinaweza kutumiwa na mwenye akaunti pamoja na wanafamilia wengine watano bila mmoja kuona mafaili ya mwenzake, jambo linaloufanya mzigo wa kila mtu kuwa mdogo sana iwapo ndugu watakubali kuchangiana. Mnunuzi wa Tanzania akumbuke kwamba tangu Julai 2022 huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, na kwamba malipo hufanywa kwa kadi, ama ya benki ama ile isiyoshikika inayotengenezwa kupitia pochi ya simu, ambayo ikikosa salio mwezi mmoja huifanya hifadhi irudi kwenye kiwango cha bure na kukataa kupokea faili jipya. Hata cha bure kina masharti yake: kuanzia Desemba 2023 Google hufuta akaunti za watu binafsi ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili, kwa hiyo mzee aliyefunguliwa akaunti na mjukuu wake na kuiacha hivyo hana nakala ya kudumu.

Faragha ndiyo sehemu ngumu zaidi, na jibu lake hutegemea swali moja, yaani nani anashika ufunguo. Huduma zote kubwa husimba mafaili, maana yake huyageuza kuwa mkusanyiko wa alama usiosomeka bila ufunguo wa kuufungulia, lakini katika huduma za kawaida ufunguo huo hukaa kwa kampuni, ambayo inaweza kuyafungua mafaili inapotaka kuyakagua au inapoamriwa na mamlaka. Kampuni za Marekani, kwa mfano, zinabanwa na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2018 inayozitaka zitoe taarifa kwa amri halali hata pale seva zinapokuwa nje ya Marekani. Ukaguzi wa mashine una hatari zake pia. Gazeti la The New York Times liliripoti mwezi Agosti 2022 juu ya baba mmoja wa San Francisco aliyepiga picha ugonjwa wa mtoto wake mdogo kwa ajili ya daktari, picha ikapanda kwenye wingu, mfumo ukaitafsiri kuwa ya unyanyasaji, na akaunti yake ikafungwa pamoja na barua pepe na picha zake zote. Polisi walimwona hana hatia, lakini akaunti haikurudishwa.

Aina ya pili ya huduma husimba faili ndani ya simu au kompyuta ya mwenyewe kabla halijaondoka, na ufunguo hutokana na nywila yake, hivyo kampuni huhifadhi kitu isichoweza kukisoma. Proton Drive ya Uswisi na MEGA ni za aina hiyo, ingawa ahadi ya kampuni haitoshi peke yake: mwezi Juni 2022 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walionyesha kasoro katika usimbaji wa MEGA, ambazo kampuni ililazimika kuzirekebisha. Njia ya tatu, inayowafaa zaidi wasiotaka kuhama huduma waliyoizoea, ni kutumia programu ya kusimba kama Cryptomator ya Ujerumani, ambayo kwenye kompyuta haina malipo na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Mtumiaji hutengeneza kasha ndani ya folda yake ya Google Drive na kuliwekea nywila. Akiliweka humo faili liitwalo «hati ya shamba», anayeingia kwenye akaunti kwa mlango wa kawaida hukuta msururu wa herufi na tarakimu zisizo na mpangilio, unaoishia na alama .c9r, bila kujua kama ni hati, picha au wimbo. Kwa upande wa WhatsApp, ambayo kwa wengi ndiyo maktaba halisi ya familia, uwezo wa kusimba nakala ya soga uliongezwa mwaka 2021, lakini haujiwashi wenyewe; mtumiaji huufuata katika mipangilio ya soga, akachagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64.

Pamoja na hayo yote, katika mji kama Kilosa au Mikumi siri za mtu hazianzi kuvuja California. Huvujia kwenye kaunta ya steshenari, ambako cheti huskaniwa kisha huachwa kwenye kompyuta ya duka pamoja na vya wateja wengine wa mwaka mzima, au hutumwa kwa WhatsApp ya mwenye duka ili kichapwe, na humohumo flashi moja huingizwa katika mashine zenye virusi vya kila aina. Huvujia pia kwa kijana wa duka la simu anayemfungulia mteja akaunti ya barua pepe, akamchagulia nywila, akaweka namba yake mwenyewe ya simu kuwa ya kurejeshea akaunti kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Hakuna usimbaji unaoweza kumlinda mtu ambaye nywila yake inajulikana na mwingine. Hatua ya kwanza ya faragha, kabla ya kulinganisha kampuni, ni kubadili nywila hiyo, kuhakikisha namba ya kurejeshea ni ya mwenyewe na laini yake ingali hai, kuwasha uthibitisho wa hatua mbili, na kuandika misimbo ya dharura kwenye karatasi inayokaa kwa ndugu anayeishi mbali na mto.

Wenye gesti na waongoza watalii wa Mikumi, mji unaoishi kwa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 na kwa barabara kuu ya kwenda Iringa, wana wajibu wa ziada, kwa kuwa picha za pasipoti na namba za vitambulisho vya wageni zilizomo katika simu zao ni mali ya watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za namna hiyo wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, wazilinde, na wafuate masharti pale zinapohamishiwa nje ya nchi, jambo ambalo hutokea kila picha inapopanda kwenye wingu la kampuni ya kigeni. Kwao, kasha lililosimbwa ni sehemu ya kutimiza sheria.

Wingu nalo ni majengo na nyaya, na vyote hupatwa na maafa. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza kila kitu kwa sababu nakala zao rudufu zilikuwa katika eneo lilelile. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na kwa siku kadhaa aliyehitaji cheti chake kilichoko kwenye wingu tu alikuwa sawa na asiye nacho. Kanuni inayotumiwa na wataalamu, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, ni kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa familia ya Kilosa hiyo inaweza kuwa simu yenyewe, flashi au diski iliyoachwa kwa ndugu Morogoro mjini, na wingu. Mpiga picha wa Mikumi mwenye mamia ya gigabaiti za video za wanyama hana njia nafuu zaidi ya diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, huku wingu likibeba kazi chache zilizo bora.

Nakala isiyowahi kujaribiwa haifai kutegemewa, kwa hiyo mara moja kwa mwaka, ikiwezekana kabla ya mvua za vuli, mwenye mafaili achukue simu isiyokuwa yake, aingie kwenye akaunti, afungue kasha, na kuhakikisha kwamba hati inasomeka hadi kwenye muhuri. Jaribio hilohilo humfundisha mtu wa pili katika familia namna ya kufungua, jambo la lazima katika huduma za aina ya pili, kwa kuwa kampuni isiyo na ufunguo haiwezi kumsaidia mjane wala yatima hata akija na cheti cha kifo. Google inaruhusu mwenye akaunti kumtaja mapema mtu atakayepewa mafaili yake akaunti ikikaa bila kutumika kwa miezi anayoichagua. Kwa kasha lililosimbwa, nywila iandikwe, ifungwe kwenye bahasha, na ikabidhiwe kwa mtu yuleyule anayetunza wosia.