Pepo wa Kilima Njaro

Watu wa pwani waliokuwa wakienda Uchagani kwa misafara katika karne ya 19 walikuwa na habari ya kutisha juu ya Kilima Njaro. Walisema kwamba huko juu wanakaa majini, na kwamba apandaye hukakamaa mikono na miguu, na baruti yake hukataa kushika moto. Habari hiyo ilimfikia Johannes Rebmann, mmisionari, mwaka 1848. Walakini tarehe 11 Mei mwaka huo, alipouona weupe ule kwa macho yake, kiongozi wake hakumtajia jini. Aliuita "baridi" tu. Naona neno hilo moja lapita vitabu vingi.

Rebmann alisimuliwa pia habari za Mangi Rengua wa Machame, ambaye zamani alituma kundi kubwa la watu wakautazame weupe huo, akitumaini kwamba ni fedha. Akarudi mmoja, mikono yake imeharibika kabisa. Wenzake waliuawa na baridi, na hofu pia, kwa kuwa walidhani wameshikwa na pepo, wakakimbia ovyo, wakaangamia.

Pepo gani, basi? Hapa yafaa tuyapambanue maneno, maana watu huyachanganya kama kunde na choroko. Jini wa pwani ametoka katika mafundisho ya Uislamu: ameumbwa kwa moto, na Kurani yasema kwamba miongoni mwao wamo waaminio. Pepo mchafu wa Injili hana wema wowote. Kazi ni kumtoa. Lakini warimu wa Wachaga si hao wala si hawa. Ni wazee waliokufa, waliochinjiwa mbuzi kihambani penye masale, nao waliweza kuudhika na kuleta ugonjwa, kama vile baba aliye hai awezavyo kuwakasirikia wanawe. Kuwaita mashetani, kama walivyofanya wahubiri wengine, ni kumtukana mtu babu yake. Irimu wa hadithi za jioni ni mwingine tena, nusu mtu nusu chui, mla watu, ndugu wa zimwi.

Tena kule juu, penye majini ya watu wa pwani, hadithi za Kichaga ziliwaweka Wakonyingo, watu wafupi wenye vichwa vikubwa mno. Hawalali chini, bali huegemea, kwa kuwa aangukaye hawezi kuinuka. Kwa hiyo kila mmoja ana baragumu ubavuni, ailize wenzake waje kumwinua.

Kilichowaua watu wa Rengua chajulikana leo. Katika baridi kali damu hukimbia vidoleni, na nyama huganda na kufa. Tena kilele cha Kibo kina mita 5,895, na huko pumzi moja huleta karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hupepesuka, hupayuka. Mapafu yaweza kujaa maji. Ukimtazama wadhani amepandwa na pepo. Hata katika karne hii ya 21 wapagazi wamekufa mlimani kwa baridi, wamebeba mizigo ya wageni na wamevaa nguo hafifu. Apepesukaye au kupayuka asiachwe alale hemani mpaka kuche. Ashushwe usiku uo huo.