Taka Zenye Mionzi: "Msamaha" wa Sheria Maana Yake Nini?

Siku moja ya soko mzee mmoja wa skimu alikuja dirishani pa ofisi yetu hapa Eldoret kuulizia mbegu za mahindi. Alipokwisha kupata jibu hakuondoka. Akaniambia, "Bwana Karani, nimesikia redioni kwamba ziko taka za nguvu za atomu ambazo sheria huzisamehe. Mimi nikihamisha ng'ombe bila kibali sisamehewi. Taka hizo zimefanya wema gani?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, lakini swali lake lilikuwa swali la maana. Nimeona yafaa lijibiwe katika gazeti letu, ili kila msomaji apate faida.

Mionzi ni kitu gani?

Mionzi ni nguvu itokayo katika vitu fulani. Haionekani kwa macho wala haina harufu. Kidogo chake kimo katika udongo, mawe, ndizi, hata ndani ya miili yetu. Kipimo cha mionzi impatayo mtu huitwa milisivati, kama vile debe lilivyo kipimo cha mahindi. Kwa wastani wa dunia nzima, kila mtu hupata milisivati 2.4 kwa mwaka kutokana na ardhi, anga na chakula. Hiyo ni kazi ya Mungu, wala hakuna sheria ya kuizuia.

Lakini iko mionzi inayotumiwa na watu kwa kazi: hospitalini kwa kutibu saratani na kupiga picha za ndani ya mwili, viwandani, na hata barabarani kwa kupima kama udongo umeshindiliwa vizuri. Vyombo na vitu hivyo vikichakaa huwa taka. Kenya bado haina mtambo wa umeme wa nyuklia, lakini taka za namna hii zipo. Ndiyo sababu kuna kituo cha kuzikusanya na kuzitunza huko Oloolua, karibu na Ngong.

Taka hizi hupungua nguvu zenyewe, kila aina kwa mwendo wake. Teknisiamu ya hospitali hupoteza nusu ya nguvu zake kwa saa 6. Iodini-131 kwa siku 8. Sesiamu-137 kwa miaka 30. Radiamu-226 kwa miaka 1,600. Nusu ikikatwa nusu mara 10, hubaki chini ya sehemu moja kwa 1,000. Piga hesabu mwenyewe. Teknisiamu itafika hapo kwa saa 60, iodini kwa siku 80. Lakini sesiamu itataka miaka 300. Aliyeifukia leo hatakuwapo, wala mjukuu wake hatakuwapo.

Msamaha ni wa namna gani?

Sheria za dunia kuhusu mionzi hutenga mambo matatu, na haifai kuyachanganya.

La kwanza ni vitu ambavyo sheria haivigusi kabisa, kama potasiamu iliyomo mwilini mwetu. Hakuna askari awezaye kuizuia.

La pili ni vitu vilivyosamehewa tangu mwanzo kwa kuwa mionzi yake ni haba. Kipimo kinachotumika ni kwamba mtu yeyote asipate zaidi ya kiasi cha milisivati 0.01 kwa mwaka kutokana na kitu hicho. Mpaka wa kawaida kwa raia, kutokana na kazi zote zenye leseni, ni milisivati 1 kwa mwaka. Basi msamaha huu ni sehemu moja kwa mia ya mpaka huo.

La tatu ni vitu vilivyokuwa chini ya ulinzi, kisha vikaachiliwa. Mfano ni taka za iodini zilizofungiwa stoo mpaka nguvu zake zikaisha. Zikishapimwa na kuonekana safi, hutupwa kama taka nyingine.

Misamaha hii ina manufaa. Kama kila glavu ya hospitali ingelindwa kama dhahabu, fedha za kulinda vitu vya hatari kweli zingekwisha.

Lakini iko namna ya nne, na hapo ndipo mzee wetu alipogusa penyewe. Pengine kituo cha kuweka taka huomba kiondolewe sharti moja la sheria: kiweke taka nyingi kuliko kiasi kilichowekwa, au kwa muda mrefu zaidi, au bila leseni fulani. Taka zenyewe hazikupungua nguvu. Kilichopungua ni sharti. Msamaha wa namna hii haufai kutolewa mpaka mazingira ya mahali penyewe yamechunguzwa.

Uchunguzi huo huuliza nini?

1. Ni taka gani, kiasi gani, na zitakaa muda gani? Jibu la "kidogo tu" halitoshi. Kidogo cha teknisiamu na kidogo cha radiamu si ndugu.

2. Maji yanakwenda wapi? Kitu kikivuja juu ya mto Sosiani, Sosiani huingia Kipkaren, Kipkaren huingia Nzoia, na Nzoia humwaga katika Ziwa Viktoria. Aliye mbali naye ana neno la kusema.

3. Jumla ni ngapi? Mzigo mmoja waweza kuwa mdogo kweli. Lakini mizigo mia katika shimo moja yataka kuhesabiwa pamoja. Ng'ombe mmoja akinywa kisimani si shida. Kundi la kijiji kizima ni jambo jingine.

4. Kuna njia nyingine? Na kama msamaha ukikataliwa, kutatokea nini?

5. Nani atalinda, na kwa fedha za nani, kampuni ikifunga kazi?

6. Jambo dogo likibadilika, itakuwaje?

Mfano kutoka Marekani

Swali la sita si mchezo. Huko jimbo la New Mexico taka za kazi za kijeshi huzikwa ndani ya mwamba wa chumvi, zaidi ya mita 600 chini ya ardhi. Tarehe 14 Februari 1984 mtu asingeamini, wala 2013, lakini tarehe 14 Februari 2014 pipa moja lilipasuka humo na mionzi ikatoka. Sababu ilikuwa nini? Pipa lilijazwa katika maabara ya Los Alamos, na ndani yake uliwekwa unga wa kunyonya majimaji, ule ambao Wamarekani huwawekea paka wao nyumbani. Zamani walitumia ule wa udongo. Safari hii walitumia uliotengenezwa kwa ngano. Ngano hiyo ilikutana na chumvi za naitreti, jamaa ya zile zilizomo katika mbolea yetu ya CAN, ikapata moto. Kituo kilisimamisha kazi ya kuzika taka mpaka Januari 2017.

Mapipa mengine ya Los Alamos yalikuwa yamepelekwa wilaya ya Andrews, jimbo la Texas, katika kituo cha kampuni ya Waste Control Specialists. Kampuni hiyo tangu 2001 ilikuwa na msamaha wa tume ya nyuklia ya Marekani kuhusu aina fulani za urani na plutoni, mradi ifuate masharti. Mwezi wa Desemba 2014 tume ilibadili masharti ili mapipa hayo yawekwe hapo kwa muda. Muda ulipokwisha uliongezwa, na baadaye ukaongezwa tena.

Angalia vizuri, msomaji. Sisemi tume ilikosea. Mapipa yale hayakuwa na pahali pengine pa kwenda kwa haraka. Nasema kwamba "kwa muda" ni neno la kupimwa kwa kalenda. Kila mtu wa skimu anajua kibanda cha muda kilichojengwa mwaka wa kwanza, na watoto wameoa wakilala humo.

Mfano wa kwetu: Mrima

Katika Kwale kuna kilima kiitwacho Mrima. Ni msitu uliohifadhiwa, na ni mahali pa heshima kwa wenyeji. Ndani ya udongo wake kuna niobi na madini mengine ya thamani, na pamoja nayo kuna thori, madini yenye mionzi. Anayechimba huko huleta juu kile kilichokuwa kimelala chini.

Mwezi wa Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Serikali iliifuta. Kampuni ilikwenda mbele ya mahakama ya usuluhishi wa mambo ya uwekezaji ya kimataifa kudai fidia. Mnamo Oktoba 2018 wasuluhishi walikataa shauri hilo. Walisema kwamba kwa kazi ya kuondoa tani milioni 130 kutoka kilimani, kampuni haikuwa na kibali halali cha mazingira kutoka kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, wala haikufuata sheria za msitu ule. Basi leseni iliyorukwa uchunguzi haikuwa ngao hata mbele ya wageni.

Sheria zetu zasemaje?

Zamani kazi hii ilisimamiwa chini ya sheria ya mionzi ya mwaka 1982. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2019, ikaunda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iitwayo KNRA. Hiyo ndiyo itoayo leseni za vitu vyenye mionzi. Pembeni yake kuna sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ambayo husema kwamba kazi kubwa za hatari, kama mahali pa kutupa taka za sumu na mitambo ya nyuklia, lazima zifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Hiyo ni milango miwili, na ufunguo wa mmoja haufungui wa pili.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira bila kwanza kuonyesha kwamba mtu ameumia. Huna haja ya kungoja ng'ombe wafe ndipo useme.

Ufanye nini?

Kwanza, tangazo la NEMA likitoka gazetini, redioni au katika baraza la chifu, andika siku ya mwisho ya kutoa maoni. Siku hiyo ikipita, mlango huwa mwembamba.

Pili, omba ripoti uisome, au umpe kijana wako aliyesoma akueleze. Tafuta majibu ya maswali yale sita. Lisilojibiwa, liandikie barua, nawe ubaki na nakala.

Tatu, NEMA ikitoa leseni na hukuridhika, iko Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Rufani hupelekwa ndani ya siku 60. Zihesabu kama unavyohesabu siku za kupanda.

Nne, ukikuta chuma chenye alama ya mapanga matatu, kama feni, juu ya rangi ya manjano, usikiguse wala usikiuze kwa wanunua vyuma chakavu. Ondoa watoto, upige habari kwa chifu au polisi. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu walichukua chombo cha sesiamu kilichoachwa katika hospitali iliyohamwa, wakakivunja. Watu 4 walikufa, 249 wakapatikana na uchafu wa mionzi, na nyumba zikabomolewa.

Yule mzee nilimjibu hivi: "Taka hazikufanya wema wowote. Zinazosamehewa kwa haki ni zile zilizopimwa zikaonekana hazina nguvu ya kumdhuru mtu. Zile nyingine, uliza ni nani alipima." Aliniangalia, akachukua karatasi yake ya mbegu, akasema, "Basi na mimi nitauliza." Nawe, msomaji, uulize.