Mgao wa bure wa tokeni: Ni hiba, ni ujira au ni biashara?



Ijumaa mbili zilizopita, baada ya Swala, vijana wawili wa Mwenge walitusubiri barazani wakiwa na simu mkononi. Mmoja ni dereva wa bodaboda anayeegesha karibu na kituo cha mabasi. Mwenzake anajifunza kazi katika kijiji cha wachongaji, ambako anatengeneza mabao, sinia na bakora za mpingo. Walikuwa na azma ya kuanzisha tokeni yao wenyewe na kuigawa bure kwa wenzao wa vijiweni na vibandani, na kila mchongaji apewe NFT ya kazi yake. Swali lao lilikuwa fupi: "Maalim, kugawa bure nako kuna ubaya gani?"

Hatukuwajibu papo hapo. Tuliomba tupewe muda, tukauliza wenye ujuzi, kisha tukaona ni bora jibu tuliandike hapa ili lisiwafae wawili hao peke yao.

Kwanza tufahamu maana

Kila mwenye LUKU nyumbani anazijua zile tarakimu 20 zinazoletwa na simu baada ya kulipa. Tarakimu zile si umeme. Ni alama ya haki ya kupata umeme, na bila shirika linalozalisha umeme nyuma yake, ni namba tupu. Tokeni za mtandaoni nazo ni alama za aina hiyo, zilizoandikwa katika daftari liitwalo blokucheni. Daftari hilo limenakiliwa katika kompyuta nyingi duniani, hivyo hakuna mtu mmoja awezaye kufuta mstari wake kwa siri.

Tokeni za kawaida hufanana, kama noti mbili za shilingi elfu moja ambazo yeyote atapokea hii badala ya ile. NFT, kinyume chake, kila moja ina namba yake pekee, mfano wa hati ya kiwanja. Hata hivyo hati si kiwanja. NFT ya bao la mpingo haiwezi kulizuia bao lisiibwe wala kupasuka, na haithibitishi nani kalichonga ikiwa aliyeitoa hati yenyewe hajulikani.

Ama eadropu, huo ni mgao. Mwenye tokeni huzipeleka katika pochi za watu wengi bila kuwatoza bei. Mgao uliovuma sana ni ule wa Uniswap, soko la kubadilishana sarafu hizi, uliofanyika Septemba 2020. Kila pochi iliyokuwa imelitumia soko hilo kabla ya Septemba 1 mwaka huo ilitengewa tokeni 400, na pochi zilizostahiki zilizidi 250,000. Waliopewa hawakuwa wameahidiwa kitu. Walikuta tu kwamba wanayo mali ya zaidi ya dola 1,000. Tangu siku hiyo watu wengi walianza kuukimbilia kila mgao uliotangazwa.

Mwaka 2024 mbio hizo zilifika mpaka vijiweni kwetu. Mchezo wa Hamster Kombat, unaochezwa ndani ya Telegram, uliwaahidi wachezaji tokeni kwa kugonga kioo cha simu. Mgao ulipofanyika Septemba 26, 2024, watu waliostahiki walikuwa takriban milioni 131, na bei ya tokeni moja ilikuwa kama senti moja ya dola. Dereva wetu wa Mwenge alikuwa miongoni mwao. Alitueleza kwamba aligonga kioo kwa miezi, mpaka akiwa kwenye foleni ya abiria, na alichopata hakikufidia fedha za bando alizotumia. "Ndiyo maana," alisema, "tunataka ya kwetu."

Mafunzo ya Mombasa na Nairobi

Yapo mambo mawili yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya ambayo kila mwenye nia ya kugawa hana budi kuyatazama.

La kwanza ni la Mombasa. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Muuza mboga aliyekosa shilingi aliweza kumlipa mshonaji kwa vocha, na mshonaji akanunua maji kwa vocha ile ile. Kila aliyeingia alidhaminiwa na wenzake waliomfahamu. Haukupita muda mrefu, mwanzilishi wake, Will Ruddick, na wanachama kadhaa walikamatwa, kwa kuwa dola iliona noti ngeni zikizunguka. Mashtaka yalifutwa mwaka huo huo. Miaka iliyofuata mpango ule ulihamia katika blokucheni kwa jina la Sarafu, ukitumika hata kwa simu za kitochi. Mtumiaji mpya alipokea kiasi cha kuanzia bila kulipa, na kati ya Januari 2020 na Juni 2021 watumiaji walifikia kama 40,000. Tokeni zile zilikuwa na thamani kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba nyuma yake palikuwa na unga, maharage na kazi za mikono za watu wanaojuana.

La pili ni la Nairobi. Mwezi Julai 2023 mradi wa Worldcoin uliwaahidi Wakenya tokeni 25 za bure, zenye thamani ya kiasi cha shilingi 7,000 za huko. Umati ulijaa katika jumba la mikutano la KICC. Sharti lilikuwa mtu aweke jicho lake mbele ya chombo cha duara, nacho kipige picha ya mboni. Agosti 2, 2023 Serikali ilisimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba taarifa zile zilikusanywa kinyume cha sheria na kuamuru zifutwe. Wengi waliosimama katika foleni ile walidhani wanapewa. Hawakutambua kwamba wanauza, na kwamba walichokiuza hakina kingine cha badala, kwani nywila ya simu hubadilishwa lakini jicho halibadilishwi.

Hiba ina masharti yake

Hapa ndipo swali la vijana wetu linapopata jibu. Wanazuoni wa fiqhi wameieleza hiba kuwa ni kumilikisha mtu mali bila badali, mtoaji akiwa hai. Pakiwa na badali iliyoshurutishwa, wengi wao hulihesabu jambo hilo kuwa ni biashara, na hapo hukumu za biashara huingia: kila upande ujue unatoa nini na unapokea nini. Anayegonga kioo kwa miezi ili apewe, huyo anafanya kazi, na anastahiki kujua ujira wake kabla ya kuanza. Anayetoa jicho lake anauza. Jina la "bure" halibadilishi hakika ya kitu.

Tulipowauliza vijana wetu kama mgao wao hauna masharti, walitazamana. Kisha mchongaji akasema kila mwanachama angelipa shilingi 2,000 "za kuamsha pochi", na nusu ya tokeni zote zingebaki kwa waanzilishi. Tukawaambia kwa upole: Wanangu, huyo mama muuza vitumbua atakayetoa shilingi 2,000 yake akitaraji kesho ziwe 20,000, nanyi hamna cha kumuuzia tokeni ile, mmemtia katika gharari, na huenda mkamfikisha kwenye kamari. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau DECI na "kupanda mbegu" zake, zilizosimamishwa na Serikali mwaka 2009 huku watu wengi wakibaki na stakabadhi mikononi.

Daftari kwanza, tokeni baadaye

Je, hakuna njia njema? Ipo, na inaanza na karatasi na kalamu.

Mwanzo ni kujua tokeni itanunua nini. Tuseme wachongaji 40 wamekubaliana kwamba tokeni 10 zitapunguza bei ya sinia kwa kiasi fulani, na madereva wamekubali kuzipokea kwa safari za ndani ya Mwenge. Hapo tokeni ina mgongo. Pasipo makubaliano ya namna hiyo, kinachogawiwa ni matumaini tu.

La pili ni orodha. Mgao huwa na siku maalumu ambayo daftari hufungwa, na aliyemo siku hiyo ndiye mwenye haki. Fundi wa kompyuta anaweza kuisajili orodha ya majina mia tano kwa alama moja fupi ya hesabu, na kila mtu akaja kuchukua fungu lake kwa kuonyesha kwamba yumo. Lakini hesabu haimjui aliyejiandikisha mara kumi kwa laini kumi za simu. Hata Hamster Kombat ilitangaza kuwachuja wachezaji milioni 2.3 kwa udanganyifu. Mtaani dawa yake ni ile ya Bangla-Pesa, kwamba jirani amdhamini jirani.

La tatu ni gharama. Kila uhamisho katika blokucheni una ada, na katika mtandao wa Ethereum ada hiyo huweza kuzidi thamani ya zawadi yenyewe. Ndiyo maana wenye kugawa vitu vidogo huchagua mitandao nafuu kama Polygon au Celo. Ada hiyo ni juu ya mtoaji. Kadhalika itangazwe mapema kwamba fungu lisilochukuliwa litarudi wapi, kwa sababu hiba, kwa kauli ya madhehebu ya Shafi na wengineo, haitimii mpaka mpewaji aikabidhi.

La nne ni amana. Pochi hufunguliwa kwa maneno ya siri, aghlabu 12, na anayeyapata ameipata mali yote. Matapeli hutengeneza kurasa zinazofanana na za mgao wa kweli, kisha humwomba mtu maneno hayo au idhini ya kugusa pochi yake. Mtoaji wa haki hahitaji maneno ya siri ya mtu yeyote. Hili lisemwe kwa Kiswahili chepesi kabla ya siku ya mgao.

Sheria za nchi

Tusisahau kwamba tunaishi chini ya sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba shilingi ndiyo fedha halali na kwamba biashara ya sarafu za mtandaoni inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko hayo, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kuwa fedha halali. Aidha, orodha ya majina na namba za simu ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na sheria ya mwaka 2022. Kwa hiyo tuliwasihi vijana wetu waende kuuliza ofisi husika kabla ya kugawa hata tokeni moja. Yaliyowapata watu wa Bangladesh yanatosha kuwa onyo.

Ijumaa iliyopita walirudi. Shilingi 2,000 wameifuta. Fungu la waanzilishi wamelishusha likalingana na la wanachama wengine. Badala ya simu walikuja na daftari la kurasa 96 lenye majina 38, na mbele ya kila jina ameandikwa jirani aliyemdhamini na kitu ambacho mwenye jina yu tayari kukipokelea tokeni. Tokeni zenyewe bado hazijaundwa. Mchongaji alituuliza kama kazi yao imechelewa.

Tulimwambia kwamba kazi yao ndiyo kwanza imeanza, na imeanzia mahali pake.

Wallahu a'lam.