Kijana Amerefuka, Ubongo Bado

Wazazi wapenzi, kijana wenu amempita baba yake kwa urefu, nanyi mwasema, "Huyu sasa mtu mzima." Ngojeni kidogo.

Huko Marekani, kati ya mwaka 2016 na 2018, wataalamu waliandikisha watoto karibu 12,000 wa miaka 9 na 10, wapate kuwafuata kwa miaka kumi. Kila baada ya miaka miwili walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya sumaku. Haiumizi, ila kelele zake! Waliulizwa pia habari za usingizi, pombe na bangi.

Kwa nini kazi ndefu hivyo? Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kupima mambo na kujizuia, hukawia kukomaa mpaka miaka ishirini na zaidi, nayo pombe yaweza kuidhuru ingali changa. Basi yule mjomba ampaye kijana wa miaka 14 kibuyu "apate kuzoea," mwambieni angoje.