Gia ni Breki ya Pili: Kuteremka na Kuegesha Gari Salama Katika Milima Yetu

Wakazi wa Karatu hawajaisahau asubuhi ya tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi lilipotumbukia katika korongo la Mto Marera, Rhotia, na watu 35 wakapoteza maisha. Makala haya hayarejei chanzo cha ajali ile. Yanaeleza jambo ambalo kila mwenye gari katika eneo letu la milima anapaswa kulielewa: kazi ya gia mteremkoni na wakati wa kuegesha.

Barabara itokayo Mto wa Mbu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hupita Karatu na lango la Lodoare, na kufika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo, njia ya Seneto hushuka karibu mita 600 hadi sakafu ya kreta.

Gia ni magurudumu ya meno yanayofikisha nguvu ya injini kwenye matairi. Gia ndogo hutoa nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia kubwa hutoa mwendo mkubwa na nguvu kidogo. Mteremkoni, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, mambo hugeuka: matairi ndiyo huizungusha injini, na uzito wa kuizungusha hulizuia gari. Kadiri gia inavyokuwa ndogo, ndivyo kizuizi kinavyoongezeka.

Dereva anayeteremka kwa nyutro hukitupa kizuizi hicho na kuziachia breki mzigo wote. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata joto kali. Pedi hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka, kanyagio huzama bila kulisimamisha gari. Wanaodhani kwamba nyutro huokoa mafuta nao hukosea, kwa kuwa injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linapoteremka likiwa ndani ya gia. Kanuni ya wazee wa barabarani ni hii: teremka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda, na uiingize kabla ya mteremko kuanza.

Gari lililoegeshwa nalo huhitaji gia. Waya wa breki ya mkono huweza kulegea au kukatika. Kwa hiyo, kanyaga breki, weka nyutro, vuta breki ya mkono, kisha achia kanyagio taratibu ili uzito ulale juu ya breki hiyo. Baada ya hapo zima injini na uingize gia: namba moja ikiwa gari limeelekea juu, ya kurudi nyuma ikiwa limeelekea chini. Sasa injini iliyozimwa huyashikilia matairi.

Kwa gari la otomatiki, herufi P hufunga kwa kipande kidogo cha chuma kinachoingia katika gurudumu la meno. Kipande hicho hakikuundwa kubeba peke yake uzito wa gari mlimani. Vuta breki ya mkono kwanza, ndipo uweke P.

Kisha geuza matairi ya mbele yaelekee pembeni mwa barabara, ili gari likiserereka litoke njiani. Pembeni pakiwa na korongo, tafuta mahali pengine pa kuegesha. Gari lenye mzigo liwekewe kabari au jiwe upande wa chini wa tairi. Jiwe hilo liondolewe wakati wa kuondoka, maana likiachwa barabarani humsubiri mwendesha bodaboda wa usiku.

Hatua hizi zote hazichukui dakika moja. Siku za mnada, watoto, wazee na mifugo hupita nyuma ya magari yaliyoegeshwa bila kuyatazama, kwa kuamini kwamba aliyeliacha gari ameliacha limefungwa. Imani hiyo ni amana mikononi mwa kila dereva.