Vyuma vya kusuguana katika injini ndogo za mvuke

MTU anayezuru makumbusho ya reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, ni vigumu kuipita injini nambari 5918, Mount Gelai, bila kusimama kuitazama. Ni mojawapo ya injini 34 za mvuke zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock mjini Manchester katika miaka ya hamsini kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki, kila moja ikiwa na uzani wa takriban tani 252. Jitu hilo halikutegemea moto na maji pekee. Lilitegemea pia vyuma vingi vilivyosuguana mchana na usiku bila kukwama.

Huko Uingereza lilikoundwa, wapo watu ambao hadi leo hukesha katika vibanda vilivyo nyuma ya nyumba zao wakiunda injini kama hizo kwa udogo. Jarida lao, Model Engineer, lilianza kuchapishwa mwaka wa 1898. Wala injini hizo si vitu vya kuchezea watoto. Injini ya reli yenye upana wa inchi tano, yaani milimita 127, huchoma makaa ya mawe na kuvuta watu wazima kadhaa. Kuiunda huweza kuchukua miaka mingi, na chuma kikichaguliwa vibaya, kazi hiyo yote yaweza kuharibika kwa alasiri moja.

Anayeanza kazi hii huuliza ni chuma kipi kilicho bora. Swali hilo lina kasoro. Yafaa aulize ni vyuma vipi viwili vinavyopatana, na kipi kati yavyo kitakubali kulika. Uso wa chuma, hata ukiwa laini namna gani, una vilima vidogo visivyoonekana kwa macho. Vyuma viwili vya aina moja vikibanana na mafuta yakapungua, vilima hivyo hugandana na kunyofoana. Chuma kisichoshika kutu, kile cha sufuria na vijiko, ndicho kibaya zaidi kikisuguana na mwenzake.

Ndiyo maana ekseli hukerezwa kwa chuma cha pua, nayo huzungukia ndani ya shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Vivyo hivyo, mikono inayounganisha magurudumu hutobolewa na kutiwa bushi za shaba nyeusi. Pini zinazoingia humo aghalabu ni za chuma kigumu ambacho Waingereza hukiita chuma cha fedha, ingawa hakina chembe ya fedha. Jina hilo limetokana na mng'aro wake tu. Bushi ikilika, hung'olewa na nyingine kutiwa. Kipande cha bei nafuu ndicho kinachojitoa mhanga ili kile kilichomgharimu fundi majuma kadhaa kisalimike.

Penye utata hasa ni kwenye silinda, ambamo pistoni hupanda na kushuka katika mvuke. Mvuke wenye shinikizo la ratili 80 kwa kila inchi mraba huwa na joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi, na joto hutanua kila kitu, ila si kwa kiasi kimoja. Chukua pistoni ya shaba nyeusi yenye kipenyo cha milimita 38. Ikipata moto kiasi hicho, hutanuka kwa karibu milimita 0.1. Silinda ya chuma cha kusubu, yaani kile kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, hutanuka kwa milimita 0.06 tu. Fundi aliyeacha nafasi ya milimita 0.03 baina yazo ataona injini ikizunguka vizuri mezani ingali baridi, kisha ikwame baada ya moto kukolea. Pistoni ya alumini ingekuwa mbaya hata zaidi.

Kwa sababu hiyo wengi huipa silinda ya chuma cha kusubu pistoni na ringi za chuma hicho hicho. Hapo kanuni ya awali huvunjwa, lakini kwa sababu njema: chuma hicho kina vipande vya grafiti ndani yake, nayo grafiti hulainisha. Adui wake ni kutu. Mwenye injini hiyo sharti aikaushe na kuitia mafuta kila amalizapo safari. Anayejijua kuwa mvivu, au anayewasha injini mara mbili tu kwa mwaka, na atumie silinda ya shaba nyeusi. Haishiki kutu, ijapokuwa hulika upesi kidogo. Binafsi ningechagua chuma cha kusubu kwa injini ya kuvuta abiria kila wikendi.

Ufito unaotoka kwenye pistoni, kinyume chake, wafaa uwe wa chuma kisichoshika kutu. Ufito wa chuma cha kawaida hukaa katika unyevu, hupata vishimo, na vishimo hivyo huukata uzi unaozuia mvuke usivuje. Michoro ya zamani huelekeza uzi huo uwe wa asbesto. Maelekezo hayo yasifuatwe kamwe, kwani vumbi la asbesto husababisha saratani. Uzi wa grafiti hufanya kazi hiyo hiyo bila kudhuru mapafu. Wanaopenda pete za raba nao wachague aina ya Viton inayohimili nyuzi 200 hivi, maana raba ya kawaida hukakamaa na kupasuka katika joto la mvuke.

Shaba ya manjano hushawishi kwa sababu hukerezeka kwa urahisi na hung'aa. Tatizo ni kwamba ina zinki nyingi, na maji moto huweza kuinyonya zinki hiyo hadi chuma kibaki na vitundu na kuvunjika mkononi. Iwekwe kwenye kengele na mapambo.