Kipupwe Kimekawia, na Wazee Wangali Shamba

Katika Sura ya Quraysh, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawakumbusha watu wa Makka neema ya safari zao mbili, ile ya wakati wa baridi na ile ya wakati wa joto. Watoto wetu wa madrasa huihifadhi sura hiyo mapema kwa kuwa ni fupi, na mwalimu wa Unguja hapati taabu kuifafanua, maana nasi tuna misimu yetu miwili ya safari. Upepo wa kaskazi uliyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na upepo wa kusi ukayarejesha. Lakini upepo wa kusi una kazi ya pili ambayo haitajwi sana katika historia ya biashara. Ndio unaotuletea kipupwe, na kipupwe ndicho kinachotukumbusha sisi watu wa mjini kwamba tuna kwetu.

Tunaposema sisi, tunawakusudia wakaazi wa Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo ambao asili yao ni Donge, Bumbwini, Mkwajuni, Uzini, Jambiani au Makunduchi. Wengi wetu tuliletwa mjini na skuli, tukabakishwa na kazi, na sasa tunarudi kwetu kwa Idi mbili na kwa maziko.

Safari hii kipupwe kimekawia kuondoka. Kwa kawaida ubaridi huanza Juni baada ya masika kumalizika, hukaza mwezi wa Julai, kisha hulegea Agosti ikielekea mwisho, demani ikaingia na bahari ikatulia. Mara hii tumeingia Septemba na alfajiri mtu bado anatafuta shuka la pili. Ndugu zetu walioko Uingereza na Denmark hutucheka tukilalamika, kwa sababu kipimajoto chetu usiku hakishuki sana chini ya nyuzi 20, nao wanatembea juu ya barafu. Wacheke. Baridi hupimwa pia kwa nyumba aliyomo mtu na kwa umri wake. Nyuzi 20 ndani ya nyumba ya mawe ya Shangani yenye kuta nene ni jambo moja. Nyuzi hizo hizo ndani ya kibanda cha udongo kilichoezekwa makuti yaliyochakaa, upepo ukipenya na rasharasha ikinyunya tangu usiku, na aliyemo ndani akiwa bibi wa miaka 80 pamoja na mjukuu mmoja wa skuli ya msingi, hilo ni jambo jengine kabisa.

Kwa sababu hiyo familia kadhaa za msikiti wetu zilikwenda kukaa siku chache kwa wazee wao upande wa Donge, nasi wa kamati tukafuatana nazo. Nia ya kwanza ilikuwa kupeleka mablanketi. Tulipofika tukaona kwamba mablanketi yalikuwa sehemu ndogo ya haja iliyokuwapo.

Haja kubwa ilikuwa juani, au tuseme ilikuwa kwenye jua lisilotoka. Unguja si Pemba kwa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki, na tangu hapo Pemba ndiyo inayobeba zao hilo. Hata hivyo, mikarafuu iliyobaki katika mashamba ya magharibi na kaskazini bado inasomesha watoto. Karafuu ikishachumwa huchambuliwa, makonyo yakatengwa, kisha huanikwa juu ya majamvi. Jua likiwaka vizuri, siku chache zinatosha. Likikosekana, karafuu huvunda, rangi yake nzuri ya hudhurungi hupauka, na mnunuzi huishusha daraja. Katika kipupwe cha namna hii wingu likitanda ni lazima jamvi likunjwe papo hapo, na jua likichungulia litandazwe tena, pengine mara nne au tano kwa siku moja. Kazi hii haitaki nguvu nyingi, inataka mikono mingi na miguu myepesi, kwa maana nyengine inataka watoto. Na watoto tumewachukua mjini.

Siku ya kwanza watoto wetu walikuwa wageni wa kila kitu. Wako waliodhani karafuu ni mbegu, wakastaajabu kuelezwa kuwa ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua. Siku ya pili walikuwa wanakimbia kabla ya kuitwa. Babu mmoja aliyekuwa amekaa barazani, kikoi mabegani, aliwafundisha kulijua wingu la mvua na wingu la kupita kwa kutazama minazi inavyoinama, na tulipoamkia tena jioni alitujibu marahaba kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia asubuhi.

Wazee hawa hawapangi kazi kwa kalenda ya ukutani. Wana hesabu ya mwaka wa jua, ambao huanza na Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi wa Julai, na huugawa kwa miongo, kila mwongo siku 10. Miongo 36 ni siku 360, na siku 5 zinazosalia hutimiza mwaka. Masheikh wamekosoa baadhi ya mambo yanayofanywa katika sherehe za Mwaka, nasi hatuna la kuwapinga. Lakini hesabu yenyewe ya miongo ni elimu ya majira, wala haigongani na mwezi mwandamo. Mwezi mwandamo ni wa ibada na huzunguka misimu yote, leo Ramadhani iko kwenye joto, baada ya miaka iko kwenye mvua. Mkulima hawezi kupandia mpunga kwa hesabu inayozunguka, ndiyo maana babu zetu wakashika zote mbili. Vijana wangapi wa mjini leo wanaweza kusema tuko katika mwongo wa ngapi? Tuliuliza ndani ya gari, akajibu dereva peke yake.

Alfajiri ya shamba ina mtihani wake. Sisi tunaohesabu safu za Sala ya Asubuhi mjini tunajua zinavyopungua kipupwe kikikaza. Kule Donge tuliwakuta wazee wakitawadha kwa maji ya mtungi yaliyolala nje usiku kucha, na hawakosi jamaa. Mtume (S.A.W.) amefundisha, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba kukamilisha udhu wakati unapokuwa mzito kwa mtu ni miongoni mwa yanayofuta madhambi na kunyanyua daraja. Hata hivyo watu wasiyafahamu haya kwamba mgonjwa ajidhuru. Kupasha maji moto hakuna makatazo. Na anayehofia madhara ya kweli kwa kutumia maji ana ruhusa ya kutayamamu: Amr bin Al-As (R.A.), katika msafara wa Dhatu Salasil, alikhofia kuangamia akioga usiku wa baridi kali, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alicheka, asimwambie neno la lawama. Bibi mwenye pumu ambaye mwanawe yuko mjini hana wa kumpashia maji wala wa kumweleza ruhusa hii, na baadhi yao wanatawadha kwa maji baridi huku wakikohoa.

La jikoni tulitaje waziwazi, hasa kwa akina mama wanaosoma ukurasa huu. Kipupwe kikizidi, watu wa shamba huingiza jiko la makaa chumbani ili walale na joto. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haisikii. Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba tunapolala, katazo lililopokewa na Bukhari na Muslim, na anayelijua jiko la makaa anaiona hekima yake bila kufasiriwa. Jiko litoke nje kabla ya kulala. Blanketi moja zito, soksi na kofia ya sufi vinatosha kwa baridi yetu, na uji wa moto wenye pilipili manga kabla ya Isha hufanya kazi ambayo makaa hayaiwezi.

Usiku wa pili, tukiwa tumejikusanya kwa chai ya mdalasini na muhogo wa kuchoma, mazungumzo yakafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu lingetosha peke yake kuwa sababu ya safari. Mipaka ya shamba iko wapi?

Wazee wanajua. Mpaka unaanzia mwembe huu, unafuata jiwe lile, unapinda penye mnazi uliopigwa radi. Mzee akiondoka, ramani yote huondoka naye, na tunaobaki huonana mahkamani. Zanzibar jambo hili lina ugumu zaidi, kwa kuwa ardhi ni mali ya Serikali na mwananchi ana haki ya kuitumia, ilhali miti iliyo juu yake inaweza kuwa na mwenyewe mwengine. Familia nyingi zinakaa kwenye eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na waliopewa eka hizo kwa majina yao wengi wametangulia mbele ya haki. Wajukuu wanaanza kugawana kitu ambacho hawajawahi kukilima, na mara nyingi wanaanzia kwa mnunuzi wa viwanja badala ya kuanzia kwa sheikh.

Hapo ndipo dada zetu hudhulumiwa. Dada aliyeolewa huambiwa kwamba ana mumewe, akapewa pakacha la nazi kila mavuno na kuhesabiwa kuwa amepata. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, imeweka wazi kwamba wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi. Aya ya 11 ikataja kiasi, na aya ya 13 na 14 zikaeleza malipo ya anayeifuata mipaka ya Mwenyezi Mungu na ya anayeivuka. Anayemnyima dada yake mikarafuu yake minne kwa kisingizio cha mila ajue kuwa anakula haramu, hata kama kijiji kizima kinakula naye. Asiyejua mgawo aende Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au kwa Kadhi, kabla ya kuuza hata mti mmoja.

Asubuhi yake, rasharasha ikinyunya, tulinunua daftari kwenye duka la kijijini na kumwomba babu yule wa barazani atutembeze. Alitembea na mkongojo, mjukuu akimkinga kwa mwavuli, binti mmoja wa skuli ya sekondari akiandika. Kila penye mti wa mpaka alisimama, akautaja, akataja aliyeupanda. Alikuwa na mikarafuu aliyoipanda akiwa keshapita miaka 70. Tulimkumbusha Hadithi ya mwenye mche mkononi ambaye ameamrishwa aupande hata Kiama kikiwa kinasimama, akasema anaijua, na kwamba ndege wamekwisha kula sehemu yao ya sadaka. (Ingawa mpunga ukiiva huwaamia ndege hao hao kwa makelele makubwa, na hatuoni kosa.) Kutembea eka tatu kulichukua saa mbili na robo. Daftari likajaa kurasa kumi na moja.

Tunajua udhuru wa watu wa mjini, kwa kuwa ni udhuru wetu pia. Anayefanya kazi hotelini hupumzika siku moja kwa wiki, na siku hiyo ana nguo za kufua. Mwenye duka Darajani akifunga, jirani yake huchukua wateja. Nauli ya familia ya watu saba kwenda na kurudi si kitu kidogo. Wapo wanaotuma fedha kwa simu kila mwezi bila kukosa, na Mwenyezi Mungu awalipe, maana wazee wengi wanakula kwa fedha hizo. Lakini fedha ya simu haikunji jamvi mvua ikija. Uways al-Qarani wa Yemen aliishi zama za Mtume (S.A.W.) na hakuonana naye, na masheikh wanaeleza kuwa aliyemzuia kusafiri ni mama yake, aliyekuwa akimhudumia. Katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) alimtaja kwa Umar bin Khattab (R.A.) kuwa ni mwenye kumtendea wema mama huyo, akamuusia Umar kwamba akiweza amwombe mtu huyo amuombee maghfira. Uways alikosa usuhuba kwa ajili ya kukaa karibu na mama yake. Nasi tunakaa katika kisiwa ambacho urefu wake haufiki kilomita 90, ambacho daladala hukimaliza kabla ya Adhuhuri.

Familia zilizokwenda Donge zimekubaliana kwa zamu. Kila mwisho wa wiki, mpaka karafuu ya mwisho ikauke, familia mbili zitakwenda na watoto wao, na wasioweza kwenda watachangia nauli ya wanaokwenda. Madrasa imekubali kuwasikiliza watoto hao hifdhi yao siku ya Jumatatu. Majamvi mawili mapya yamekwisha nunuliwa na yamewekwa katika chumba cha kamati, nyuma ya msikiti. Binti yule anaandika nakala ya pili ya daftari, itakayokaa kwa shangazi yake aliyeolewa Uzini. Gari la kwanza litaondoka Ijumaa hii baada ya sala, na bado lina nafasi tano.